Sahani Iliyosubiri Siku ya Nane

Sanduku la mzee Leizer lilikuwa limesimama mlangoni tangu juzi. Siku ya sikukuu mtu hafungashi, maana kufungasha ni kazi, na kazi ni haramu. Basi mzee alikunja mashati yake mapema, kabla ya jua kuzama na kuingia zile siku mbili za mwisho za Pasaka ya Wayahudi. Akafunga mkanda wa sanduku, akalisimamisha kando ya koti lake jeusi. Perl, binti yake, alilipita mara ishirini kwa siku akienda sebuleni na kurudi jikoni, na goti lake liligonga pembe ile ile, mara ishirini. Angeweza kulisogeza. Hakulisogeza, kwa sababu kulisogeza kungekuwa kama kukubali kwamba lipo.

Sasa ilikuwa asubuhi ya siku ya nane, ya mwisho. Jioni, nyota tatu zikionekana juu ya mapaa ya mtaa wao wa Boro Park na sikukuu kuisha, mpwa wao Nosn angekuja na gari kumrudisha mzee kule Bronx, ng'ambo ya jiji, kwenye vyumba viwili alivyokaa miaka arobaini na marehemu Mindl, mama yake Perl. Mindl alifariki mwaka juzi. Pasaka iliyopita mzee aliila peke yake, mkate mkavu na dagaa wa kopo, na Perl aliposikia hivyo alilia mpaka mumewe Hershl akamwambia, "Mlete baba yako akae nasi. Asije kutembea tu. Akae."

Wakampa chumba chenye dirisha la upande wa jua. Perl alinunua godoro jipya na taa ya kusomea. Alipomuuliza, "Baba, utakaa?" mzee alisema, "Tutaona, mwanangu." Kisha akafungasha. Jibu likawa limesimama mlangoni, limefungwa mkanda.

Perl alijua mambo yalipoharibikia. Yaliharibikia kwenye supu.

Nyumba ya Hershl ni ya Wahasidi, Wayahudi washika dini sana, na Wahasidi siku saba za kwanza za Pasaka hawagusishi mkate na maji. Mkate ule hautiwi chachu, ni unga na maji tu, unaokwa upesi, mkavu kama kigae. Lakini nani ajuaye? Huenda chembe ya unga imejificha ndani haijaiva, na ikikutana na maji ikaanza kuumuka, na kilichoumuka ni haramu wakati wa Pasaka. Kwa hiyo mkate hukaa ndani ya mfuko wake mezani, mbali na bilauri, mbali na supu, na mtu hufuta mikono kabla ya kuugusa. Siku ya nane, siku ya nyongeza, sheria hulegea, na hapo mkate hunyweshwa maji na furaha huwa kubwa.

Mzee Leizer si Mhasidi. Ni Mlitwaki, Myahudi wa kundi jingine, na kwa Walitwaki mkate huloweshwa tangu siku ya kwanza. Mchana wa siku ya kwanza, huku akimsikiliza mjukuu akieleza habari za shule, mkono wake ulivunja kipande cha mkate na kukitumbukiza kwenye supu, kama ulivyofanya kwa miaka sabini bila kumuomba ruhusa.

Vijiko vyote vilisimama hewani. Hata mtoto mdogo, Toibe, aliacha kugonga kijiko.

"Si kitu, Baba," Hershl alisema kwa upole. Lakini mama yake Hershl, Dvoire, anayekaa ghorofa ya juu na kushuka kila mlo, aliinuka. Aliichukua ile sahani ya supu kwa kitambaa, kama mtu anayetoa panya mtegoni. Aliimwaga, akaisuuza, akaifunga kwa gazeti, akaipandisha juu ya kabati.

"Itashuka siku ya nane," alisema. "Haijafa. Imelazwa tu."

Watoto walicheka. Mzee Leizer alicheka pia, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Tangu mlo ule alikula mkate wake akiwa ameinamia mfuko, mkono mmoja ukikinga makombo, na bilauri yake ya maji aliisogeza mbali mpaka ikawa mbele ya jirani. Mtu aliyelea watoto watano na kuzika mke, akawa anakula kama mgeni wa shule ya bweni.

Na jambo jingine, ambalo Perl hakuliona mpaka baadaye. Siku zote hizo walimkalisha. Akinyanyua kiti, kiti kinachukuliwa. Akishika kiazi amenye, kisu kinaondolewa mkononi. "Kaa, Baba. Pumzika, Baba. Umefanya kazi vya kutosha." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani methali hiyo inamsema mgeni mvivu. Yuko pia mgeni anayelitafuta jembe kwa macho nyumba nzima, na wenyeji wamelificha kwa mapenzi.

*

Asubuhi hiyo mzee alirudi mapema. Alizoea kusali na wale wa alfajiri, katika chumba cha chini cha sinagogi, wazee watupu waliokuwa wafanyakazi zamani na miili yao ingali inaamka kwa saa ya kiwanda. Ilikuwa siku ya kuwakumbuka marehemu, na alikuwa amelitaja jina la Mindl. Macho yake yalikuwa yameoshwa. Hershl na wale wavulana wawili wakubwa wangekaa kwenye sala ndefu mpaka saa saba mchana.

"Sikukuu njema, Baba. Tubarikie divai, kisha ukae," Perl alisema. "Leo unakula matse brai."

Mzee alisimama katikati ya jikoni, kofia mkononi. "Leo?"

"Leo ni ya nane. Leo maji ruhusa. Nitakutengenezea kama ya Mama."

Huo ndio uliokuwa mpango wake wote. Hakuwa na mwingine. Matse brai ni mkate huo wa Pasaka, umevunjwa, umeloweshwa, umechanganywa na mayai, umekaangwa. Chakula cha asubuhi cha nyumbani kwao, siku zote nane, mwaka baada ya mwaka. Perl aliwaza hivi: mzee akilitia kinywani tonge la nyumbani kwake, huenda kinywa kikamwambia hapa pia ni nyumbani.

Moto ulikuwepo. Waliuacha ukiwaka tangu juzi chini ya bamba la chuma, maana sikukuu kupika ni ruhusa, ila huwashi moto mpya, unatumia uliopo. Perl alishusha bamba, akaweka kaango na kijiko cha mafuta ya kuku aliyoyayeyusha na vitunguu kabla ya Pasaka. Akavunja mkate mmoja, ule wa mviringo uliokandwa kwa mikono, wenye madoa ya kuungua kama mgongo wa kobe. Akainua jagi la maji.

Mkono ukakataa.

Miaka kumi na minne katika nyumba hii, mkono wake ulikuwa umejifunza. Alitazama mlango. Gitl, binti yake mkubwa, alifunika macho kwa viganja lakini akachungulia kati ya vidole. "Mama, kweli unamwaga?"

"Namwaga."

"Mbona humwagi?"

Perl alimwaga maji baridi, kidogo, haraka, kama anayemnyunyizia paka. Akavunja mayai matatu, moja moja kwenye bilauri kwanza, aangalie kama lina damu, maana yai lenye damu haliliwi. Akakoroga, akamimina, akakaanga mpaka pembezoni pakawa rangi ya dhahabu. Ilipendeza sana machoni. Akampelekea baba yake, akasimama na mikono ndani ya aproni.

Mzee alitafuna. Sauti ilisikika mpaka chumba cha watoto.

"Nzuri," alisema.

"Baba, usiseme uongo siku ya sikukuu."

"Nzuri kwa mwenye meno."

Perl alionja mwenyewe. Ilikuwa vigae vilivyopakwa yai. Alikaa kwenye kiti, na uso wake ukaanza kufanya vile ulivyokuwa ukifanya alipokuwa na miaka sita, kidevu kikakunjamana. "Nilimtazama Mama akiipika maisha yangu yote. Alifanyaje?"

"Mama yako alikaanga," mzee alisema polepole.

"Kukaanga nimeona. Kabla ya kukaanga, alifanya nini?"

"Kabla ya kukaanga hakufanya kitu. Alikuwa anafunga kilemba chake."

"Sasa mkate aliulowesha nani?"

Mzee Leizer alivitazama vidole vyake juu ya meza, kana kwamba vimeitwa mbele ya hakimu.

Hapo Perl akaisikia. Kra. Kra-kra. Sauti ile ya asubuhi za utoto wake, ikipita ukutani naye amelala bado nusu, mkate ukivunjwa jikoni, vipande vya ukubwa mmoja, bila pupa. Alidhani ni Mama. Alipotoka na miguu mitupu alimkuta Mama kwenye kaango, na Baba nyuma ya gazeti kama mtu asiyejua jiko liko upande gani. Ila mikono ya shati la Baba ilikuwa imekunjwa, na kwenye viwiko kulikuwa na unga wa mkate.

"Ni wewe," alisema.

"Mkaangaji ni mama yako. Mimi nilivunja tu na kulowesha."

"Baba, kulowesha ndiyo yenyewe. Siku nane umekaa humu unanitazama. Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Uliniambia nikae," mzee alijibu, na hakukuwa na lawama katika sauti yake. "Nikakaa."

 Perl alisimama, akafungua aproni yake, akaizungusha kiunoni kwa baba yake na kuifunga kwa nyuma, fundo mara mbili, kwa sababu mzee alikuwa amekonda.

"Unataka nini?" alimuuliza.

"Maji ya moto. Na bakuli pana, lisiwe na kina kirefu."

Perl aliangaza rafuni, kisha akavuta kiti, akapanda, akashusha kile kifurushi cha gazeti juu ya kabati. Alikifungua. Sahani ya supu, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Aliiweka mbele ya baba yake.

Mzee aliitazama. "Imeamka," alisema.

Gitl alicheka mpaka akakaa chini.

"Na mayai," mzee aliongeza. Yalikuwa yamebaki manne. Familia hii ilikuwa imekula kreti tano ndani ya wiki. "Gitl, mtoto, panda kwa bibi, umwombe mayai kumi. Mwambie babu anaomba."

*

Miaka thelathini na minane mzee Leizer alikuwa mkata glavu, katika karakana moja ya Manhattan. Ngozi ya glavu haikatwi kavu. Inapewa unyevu kwanza, halafu inavutwa juu ya ukingo wa meza, na mkataji anasikiliza kwa vidole. Ikizidi maji, glavu itasinyaa mvaaji akifika nyumbani. Ikipungua, itapasuka kwenye kidole gumba. Hakuna kipimo cha saa wala cha kijiko, ni ngozi ya mtu inayoongea na ngozi ya mbuzi.

Sasa alivunja mkate. Kra. Kra-kra. Kila kipande kama kifungo cha koti. Alitenga pembezoni na katikati. "Ukingo ni mnene, unaingia kwenye maji kwanza," alimwambia Perl. "Sehemu ya katikati ni nyembamba, hiyo unaisalimia tu. Ukiziloweka pamoja, moja inakuwa uji na nyingine bado mbao. Tena huu wa mikono si ule wa mashine tuliokula sisi. Huu una kiburi. Maji baridi utauudhi tu."

Alimimina maji ya moto kwenye sahani, akaingiza vidole viwili, akafumba macho. Perl alimwona akibonyeza kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, akakivuta kidogo, kidogo tu.

"Bado," alisema. Kisha, "Bado." Kisha akainua sahani, akamwaga maji, akaacha mkate uchuruzike kwenye chujio. "Haukamuliwi. Shika hapa. Unasikia? Unapinda lakini haujakata tamaa."

Perl alishika. Alisikia.

Mlango ulifunguka kwa bega. Dvoire alikuwa amekuja mwenyewe na mayai kwenye aproni, magoti yake mabovu na yote, kwa sababu hakuwa mtu wa kusimuliwa jambo analoweza kuliona.

"Nimeambiwa huku mwanamume anapika," alisema. "Nikasema acha nishuke kabla nyumba haijaungua."

"Karibu, mkwe," mzee alisema bila kugeuka. "Kaa mbali na moto. Una umri."

"Umri tumelingana. Tofauti yetu mimi nina meno." Aliweka mayai mezani moja moja, akakiona kitu. "Hiyo si sahani yangu ya hospitali?"

"Imeruhusiwa leo asubuhi."

Dvoire alikunja midomo asicheke. Alivuta kiti, akakaa kama mkaguzi. Perl alivunja mayai kwenye bilauri. La tano lilikuwa na tone la damu, akalitupa. Mengine yakaingia na chumvi. Mafuta yalichemka, vitunguu vikanukia, na kaango lilipopokea mchanganyiko lilitoa ile sauti ya kuvuta pumzi. Toibe alikuja akiburuta mdoli wake. Shaye, wa miaka mitano, aliyekuwa na kikohozi na kuachwa nyumbani, alikuja na blanketi mabegani.

"Sukari iko wapi?" Dvoire aliuliza.

Mzee Leizer aligeuka, mwiko mkononi. "Sukari ya nini?"

"Ya matse brai. Kwetu Galisia inaliwa na sukari, kama watu."

"Hii ni chumvi."

"Maskini. Ndiyo maana Walitwaki mna nyuso zile."

"Mkwe, onja kwanza. Kisha unitukane ukiwa umeshiba."

Viti havikutosha, maana viwili vilikuwa vimebeba nguo za watoto. Shaye na Toibe walitazama huku na huku, wakaenda mlangoni, wakaliangusha lile sanduku chali, wakakaa juu yake bega kwa bega na sahani magotini. Perl alifumbua mdomo awaambie washuke, akamtazama baba yake. Mzee alikuwa amewaona. Aligawa matse brai, akawapelekea wao kwanza, akainama kuwapa vijiko. Tone la mafuta ya kuku lilidondoka kwenye ngozi ya sanduku. Alilifuta kwa kidole gumba, akalisugua liingie, kama mtu anayelainisha ngozi nzuri.

Wakala. Ilikuwa laini ndani, pembezoni inakwaruza kidogo, ina vitunguu vitamu, na Perl alipotafuna alijikuta miguu mitupu kwenye sakafu baridi ya Bronx, Mama akiimba chini chini, kilemba hakijakaa sawa. Hakulia. Alikula upesi ili aongezewe.

Dvoire alimaliza sahani yake bila kuinua kichwa. Kisha akaisogeza mbele kwa kidole kimoja.

"Haina sukari," alisema. "Nipe nyingine nihakikishe."

*

Hershl na wavulana walirudi saa saba na njaa ya simba, wakamkuta mzee bado kwenye moto, uso umeiva, aproni ina ramani ya mayai, wajukuu wanapokezana kwenye sanduku kama ni benchi la kituo. Hershl alisimama kizingitini na kofia yake kubwa ya manyoya.

"Baba," alisema, "nani amekupa kazi?"

"Nimejipa."

"Ameanza asubuhi," Dvoire alisema, "na hakuna wa kumzuia. Nimejaribu. Nimekula tatu katika kujaribu." Kisha akamgeukia mzee na sauti yake ikawa ya kibiashara. "Mkwe, kabatini kuna mkate wa ratili nne umebaki. Kila mwaka unabaki, kila mwaka tunaula mkavu wiki saba, mpaka Pentekoste, na kulaumiana. Huyu Perl, usiniangalie hivyo mwanangu, leo asubuhi alitaka kututoa meno. Sasa wewe unaondoka na vidole hivyo, mkate huu utaloweshwa na nani?"

Perl aliacha kusuuza bilauri. Maji yalikuwa yanatiririka, akasahau kuyafunga.

Mzee Leizer aligeuza kilichokuwa kwenye kaango. Aligeuza upande mmoja, akabonyeza, akageuza na mwingine. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Glavu nzuri zilikatwa hivyo hivyo.

"Ratili nne," alisema hatimaye. "Watu tisa. Hiyo haifiki Pentekoste."

"Tutanunua mwingine," Hershl alisema haraka. "Maduka yatakuwa yanagawa kwa bei ya kutupa."

"Wa mashine ununue. Huu wa mikono una kiburi, lakini tumeshaelewana." Aliinua kaango, akagawia wavulana wawili, akafuta mikono kwenye aproni, akamtazama binti yake. "Perl, funga maji. Na Nosn akija jioni, usimruhusu aondoke hivi hivi. Mpe chakula. Kisha mwambie aende Bronx bila mimi, funguo nitampa. Juu ya kabati la jikoni, ndani ya foronya ya zamani, kuna kaango la mama yako la Pasaka. Alete. Liwe hapa mapema, kabla ya mwaka ujao."

Perl alifunga maji. Kisha akajifanya anatafuta kitambaa.

"Na njiani," Dvoire alisema akijisogezea sahani, "apitie sukari."